APOL1: jeni inayoua vimelea vya malale na kuhatarisha figo

Ukiingia katika vyumba vya kusafishia damu nchini Marekani, kama theluthi moja ya wagonjwa utakaowakuta kwenye mashine ni Weusi. Katika idadi ya watu wa nchi nzima, Weusi hawafiki hata mmoja kati ya saba. Tofauti hiyo ilijulikana kwa miongo mingi na ilikuwa na majibu yake ya kila siku: presha, kisukari, umaskini, kukosa bima, kufika hospitali ugonjwa umeshakomaa. Yote hayo yana ukweli. Shida ni kwamba watafiti walipoyaingiza yote kwenye hesabu, pengo lilipungua lakini halikuisha. Tena ugonjwa ulikuwa unatembea kwenye koo: mtu ambaye figo zake zimekufa mara nyingi alikuwa na kaka, shangazi au binamu aliyepita njia hiyohiyo.

Nachambua hapa namna sehemu iliyobaki ya jibu ilivyopatikana, na namna jibu hilo linavyotuhusu sisi wa Afrika Mashariki. Nimechagua kisa hiki kwa sababu si cha kawaida. Katika kisukari, presha au maradhi ya moyo, vinasaba huchangia kidogokidogo: mamia ya mabadiliko, kila moja likisukuma hatari kwa kiasi ambacho daktari hawezi kukitumia akiwa na mgonjwa mmoja mbele yake. Hapa ni mabadiliko mawili tu, katika jeni moja, yenye nguvu kubwa. Na pamoja na nguvu hiyo, wengi wanaoyabeba wanazeeka na figo zao nzima. Asiyeelewa jinsi mambo hayo mawili yanavyoweza kuwa kweli kwa pamoja hataweza kumshauri vizuri mtu anayeshika karatasi ya majibu ya vinasaba.

Presha ilishtakiwa kwanza

Kwa daktari wa figo wa miaka ya 1990, mgonjwa Mweusi mwenye presha ya juu na figo zinazochoka alikuwa na jina la ugonjwa tayari: figo zimeharibiwa na presha. Mara nyingi hata kinyama cha figo hakikuchukuliwa kwenda kupimwa, maana jibu lilionekana liko wazi.

Ndipo ukafanyika utafiti unaojulikana kwa kifupi kama AASK. Wamarekani Weusi 1,094 wenye presha na figo zilizokwisha kuanza kudhoofika waligawanywa. Wengine presha yao ilishushwa hadi kiwango kilichozoeleka, wengine ikashushwa zaidi ya hapo. Matokeo yalitoka mwaka 2002. Dawa ya ramipril ilisaidia kiasi kuliko dawa nyingine zilizolinganishwa nayo, lakini kule kuibana presha zaidi hakukupunguza kasi ya figo kuharibika. Wagonjwa walimeza vidonge, presha ikatii, figo zikaendelea kushuka.

Kama presha ndiyo iliyokuwa ikiua figo, kuibana kulipaswa kuonekana kwenye matokeo. Kwa wengi wa wagonjwa wale, mambo yalikuwa yamegeuzwa kichwa chini. Figo ndizo zinazosimamia maji na chumvi mwilini, na zikiumia presha hupanda. Kitu kingine kilikuwa kimezishika figo mapema, na presha ikaja nyuma yake. Mwaka 2002 hakuna aliyeweza kukitaja kitu hicho kwa jina.

Kromosomu ya 22

Wamarekani Weusi wengi wana asili mchanganyiko. Kwa wastani kama 80% ya vinasaba vyao vimetoka Afrika, hasa magharibi mwa bara na upande wa Kongo na Angola, na sehemu kubwa ya vilivyobaki imetoka Ulaya. Mchanganyiko huo umekaa vipandevipande: sehemu hii ya kromosomu imerithiwa kwa babu wa Kiafrika, inayofuata kwa babu wa Kizungu. Basi ukikusanya wagonjwa wengi wa figo na kupita kromosomu zao kipande kwa kipande, unaweza kutafuta mahali ambapo urithi wa Afrika umezidi kuliko ilivyotarajiwa. Hapo pana jambo.

Mwaka 2008 makundi mawili yalifanya hivyo na kuchapisha matokeo katika jarida la Nature Genetics. Moja lilikuwa la Jeffrey Kopp, Cheryl Winkler na wenzao wa taasisi za taifa za afya za Marekani. Jingine la Linda Kao na wenzake wa Johns Hopkins. Wote walifika mahali pamoja, kwenye kromosomu ya 22, na wote wakamkamata mshukiwa mmoja: jeni iitwayo MYH9.

Kumshuku MYH9 ilikuwa halali kabisa. Jeni hiyo inafanya kazi ndani ya seli za vichujio vya figo, na tayari ilijulikana kwamba ikiharibika vibaya huleta magonjwa adimu ya kurithi yanayogusa figo. Lakini kila walipoichambua herufi kwa herufi, hawakupata badiliko lolote linaloweza kufanya madhara yenyewe. Alama zilizoendana na ugonjwa zilikuwepo, kosa lenyewe halikuonekana. Ni sawa na mwizi aliyeonekana akiingia uchochoroni usiku: mashahidi wote wanakubaliana juu ya uchochoro, kisha lawama inakwenda kwa yule kijana mwenye sifa mbaya, wakati mwizi analala nyumba ya pili.

Nyumba ya pili ilikuwa APOL1. Jeni hizi mbili zimekaa karibu sana hivi kwamba hurithiwa pamoja vizazi na vizazi, kwa hiyo alama iliyo ndani ya MYH9 inaweza kuendana na ugonjwa uliosababishwa na jirani yake. Mwaka 2010 Giulio Genovese, David Friedman, Martin Pollak na wenzao wa Boston, wakishirikiana na Etienne Pays wa Brussels, walitumia orodha mpya ya vinasaba iliyokuwa imeanza kutolewa na mradi wa kusoma jenomu 1,000. Katika orodha hiyo walikuwemo Wayoruba wa Ibadan, Nigeria. Orodha za zamani hazikuwa na mabadiliko muhimu ya eneo hilo. Hii ilikuwa nayo. Mwaka huohuo kundi la Karl Skorecki la Haifa, Israeli, lilifikia jibu hilohilo kwa njia yake. Mabadiliko ya APOL1 yalipoingizwa kwenye hesabu, ishara ya MYH9 ilizimika.

Hapa nakaa kidogo, kwa sababu ndipo mahali wasomaji wengi wa habari za vinasaba hupotea. Kusema "sehemu hii ya kromosomu inaendana na ugonjwa" ni kutaja anwani tu. Tafiti za 2008 hazikuwa mbovu. Hesabu zake zilikuwa sahihi na mahali zilipoonyesha ndipo palipokuwa. Zilikosea jina la mwenye nyumba. Leo kila wiki zinatoka habari za "jeni ya" ugonjwa fulani, na nyingi kati yake bado ziko katika hatua ya anwani.

Mabadiliko yenyewe ni mawili. La kwanza, G1, ni herufi mbili zilizobadilika na kusafiri pamoja, zikabadilisha asidi amino mbili za protini, ya 342 na ya 384. La pili, G2, ni herufi sita zilizodondoka, na kwa kudondoka kwake asidi amino ya 388 na ya 389 hazipo tena. Yalizuka mbalimbali, kwa hiyo hayakutwi pamoja kwenye nakala moja ya kromosomu hiyo ya 22. Lakini mtu anaweza kupata G1 kwa baba na G2 kwa mama, na huyo huhesabiwa ana nakala mbili sawa na mwenye G1 mbili.

Mara 17 ya nini?

Karibu Mmarekani Mweusi mmoja kati ya wanane ana nakala mbili zenye G1 au G2. Utafiti wa 2010 ulikadiria kwamba mwenye nakala mbili ana hatari ya takriban mara 10 ya ule ugonjwa wa makovu kwenye vichujio vya figo ambao madaktari huuita FSGS, na mara 7 ya figo kufa kwa kile kilichokuwa kikiitwa presha. Mwaka uliofuata, 2011, Kopp na Winkler walitoa makadirio mengine: mara 17 kwa FSGS, na mara 29 kwa ugonjwa wa figo unaoletwa na VVU.

Mara 17 na mara 29 ni namba za kuondoa usingizi. Sasa tazama upande wake wa pili, ambao umo katika utafiti uleule. Kati ya watu 100 wenye nakala mbili, wanaotarajiwa kupata FSGS maishani mwao mwote ni kama 4. Tisini na sita hawaupati. Ugonjwa wenyewe ni adimu, na kitu adimu ukikizidisha mara 17 bado kinabaki cha wachache. Mtu akiambiwa "hatari yako ni mara 17" bila kuambiwa ni mara 17 ya nini, amepewa nusu ya habari, tena ile nusu inayotisha.

Lakini ingiza VVU visivyotibiwa. Kati ya watu 100 wenye nakala mbili ambao virusi vimeachwa vitambe, kama 50 wanapata ugonjwa wa figo. Jeni ni ileile, herufi zilezile, na hatari imepanda kutoka watu 4 hadi 50 kwa sababu ya kitu kilichotoka nje. Kwangu hiki ndicho kiini cha kisa kizima. Namba ya hatari haikai ndani ya jeni. Inakaa kati ya jeni na kile kinachoikuta.

Vitu vingine vinavyoiamsha vimejitokeza kimoja kimoja. Wagonjwa waliotibiwa kwa interferoni, dawa ya kuchochea kinga ya mwili, walionekana kupata uharibifu mkali wa vichujio. Wakati wa UVIKO-19, kuanzia 2020, madaktari wa Marekani walianza kuwapokea wagonjwa Weusi ambao mkojo wao ghafla ulijaa protini na vichujio vyao vilikuwa vimenywea, na wengi wao walipopimwa walikutwa na nakala mbili za APOL1 zenye G1 au G2. Kinachounganisha VVU, interferoni na UVIKO ni kwamba vyote huupandisha mwili katika hali ya vita, na katika hali hiyo seli huzalisha APOL1 kwa wingi. Protini yenye hitilafu ikiwa kidogo, figo inaivumilia. Ikimiminika, haiwezi.

Kwetu sisi maana yake ni kubwa. Mtu mwenye nakala mbili na VVU anayeanza dawa za kufubaza virusi mapema na kuzimeza sawasawa ameondoa sehemu kubwa ya kile kinachoiamsha jeni. Hakuna haja ya kubadilisha vinasaba vyake.

Na swali la AASK? Mwaka 2013 watafiti walirudi kwa wagonjwa walewale wakiwa na majibu ya vinasaba. Kati ya waliokuwa na nakala mbili, 58.1% figo zao zilikufa au zilishuka vibaya sana. Kwa wengine ilikuwa 36.6%. Na tofauti hiyo ilibaki palepale, presha ikiwa imebanwa au haikubanwa. Lakini itazame ile 36.6% nayo. Zaidi ya theluthi moja ya watu wasio na nakala mbili waliharibikiwa figo vilevile, na presha, kisukari na umaskini havijafutiwa mashtaka.

Malale

Badiliko linaloua figo linawezaje kuwa la kawaida kiasi hicho? Jibu liko katika damu, na linapita nyumbani kwetu.

APOL1 inasafiri kwenye damu ikiwa imepakiwa katika chembe za mafuta zile ambazo maabara huziita kolesteroli nzuri. Mwaka 2003 kundi la Brussels lilionyesha kwamba hiyo ndiyo silaha inayowaua tripanosoma, vimelea vinavyoenezwa na mbung'o. Kimelea kinapoingia kwenye damu kinahitaji madini ya chuma, na kwa tamaa hiyo kinameza chembe zenye APOL1 ndani yake. Zikifika katika kifuko cha kuyeyushia chakula, ambako kuna asidi, APOL1 inajichomeka kwenye utando na kutoboa tundu. Chumvi na maji vinaingia bila kipimo, kifuko kinavimba, na kimelea kinapasuka. Ng'ombe hawana APOL1, ndiyo maana tripanosoma wa kawaida huwaua kwa nagana huku mchungaji wao, aliyeng'atwa na mbung'o walewale, hana habari.

Ila wapo wawili waliopata njia ya kukwepa. Gambiense, wa Afrika Magharibi na Kati, huleta malale ya polepole. Rhodesiense, wa upande wetu wa mashariki na kusini, huleta malale ya haraka ambayo bila tiba huua ndani ya wiki au miezi. Ni huyu wa Tabora, Kigoma, Serengeti na mashariki mwa Uganda. Rhodesiense ana protini iitwayo SRA inayoikamata APOL1 kwenye ncha yake ya mwisho kabla haijatoboa.

Huko Tinde, Shinyanga, kuanzia mwaka 1934, wataalamu wa serikali ya kikoloni walichukua rhodesiense na kumpitisha miaka 18 kati ya wanyama wanaocheua na mbung'o bila kumrudisha kwa binadamu kama hatua ya kawaida ya mzunguko, wakipima mara kwa mara kwa watu kama bado anaambukiza. Aliendelea kuambukiza. Wakati ule hapakuwa na namna ya kujua kwa nini. Jeni ya SRA ilieleweka mwaka 1998, kwa kazi ya Brussels: uwezo wa kuingia kwa binadamu umeandikwa ndani ya kimelea na hauhitaji mazoezi ya kuishi kwa mtu. Mawazo yangu hayaachi kuwaendea watu waliotoa mikono yao ing'atwe. Elimu hii ina deni kwao, na majina yao hayatajwi popote tunapoisoma.

Sasa rudi kwa G2. Zile asidi amino mbili zilizodondoka, ya 388 na ya 389, zilikuwa palepale ambapo SRA hushika. Zisipokuwepo, SRA inateleza, na APOL1 inafika kazini. Katika maabara, plazma (maji ya damu) ya mtu mwenye G2 inaua rhodesiense ambaye plazma ya kawaida haimfanyi kitu. Na haitaki nakala mbili, moja inatosha. Figo ndiyo inayodhurika hasa kwa nakala mbili. Kinga inakuja kwa moja. Hesabu ya uteuzi wa asili hapo ni rahisi kuiona, na ni hesabu ileile ya seli mundu na malaria.

Mwaka 2017 ilithibitishwa kwa watu. Nchini Uganda, wenye G2 walikuwa na uwezekano wa kuugua malale ya rhodesiense uliopungua kama mara 5. Nchini Guinea, kwa gambiense, mambo yalikwenda tofauti: wenye G1 walielekea kubeba kimelea bila kuugua, ilhali G2 haikuwasaidia, na badala yake iliendana na kuugua.

Linabaki fumbo ambalo silioni likielezwa vya kutosha. G1 na G2 zimejaa zaidi Afrika Magharibi, Nigeria na Ghana, ambako rhodesiense hayupo. Huku mashariki, alipo yeye, zipo kwa kiwango cha chini zaidi, na Ethiopia karibu hazipo kabisa. Wako wanaodhani kwamba zamani kimelea hicho au ndugu yake kilienea mbali zaidi, na wako wanaodhani G1 na G2 zililinda dhidi ya kitu kingine pia. Matokeo ya Guinea yanaipa uzito dhana kwamba gambiense mwenyewe alikuwa na mkono katika kueneza G1. Kwa G2 sijaona maelezo yanayoniridhisha.

Mkulima wa India

Swali jingine lilikuwa hili: G1 na G2 zinadhuru figo kwa sababu zimeacha kufanya kazi fulani, au kwa sababu zinafanya kazi isiyotakiwa?

Jibu lilitoka kwa mtu asiyehusika na figo hata kidogo. Mwaka 2006 ilichapishwa taarifa ya mtu mmoja wa kijijini India aliyekuwa ameugua homa za kurudiarudia kutokana na tripanosoma wa mifugo, ambaye kwa kawaida hamgusi binadamu. Alitibiwa kwa suramini, dawa ya malale, akapona. Walipochunguza damu yake, hawakukuta APOL1 hata tone: nakala zake zote mbili zilikuwa zimekatika. Na figo zake zilikuwa zinafanya kazi vizuri. Kumbe figo haiihitaji APOL1. Mtu anaweza kuishi bila hiyo, akakosa tu kinga ya tripanosoma. Tatizo la G1 na G2, basi, ni kuwepo kwao: ndani ya seli za vichujio vya figo, zile zenye vimiguu vinavyofumbata mishipa midogo ya damu, protini hiyo inaruhusu chumvi kupita isivyostahili, na seli zinakufa moja baada ya nyingine bila kuzaliwa mbadala.

Kutoka hapo wazo la tiba lilijitengeneza lenyewe. Kama protini inadhuru kwa kutenda, izuie isitende. Kampuni ya Vertex ya Boston ilitengeneza kidonge kiitwacho inaxaplin kinachoziba tundu la APOL1. Machi 2023 yalitangazwa matokeo ya kwanza kwa watu wenye nakala mbili na FSGS: kwa washiriki 13 walioingizwa kwenye hesabu, protini kwenye mkojo ilishuka kwa wastani wa 47.6% katika wiki 13. Watu 13 ni wachache mno, na protini kwenye mkojo ni dalili. Haituambii bado kama figo itadumu. Majaribio makubwa ya kujibu hilo yalikwishaanza mwaka 2022. Hata hivyo nafurahi kuona dawa ya figo iliyoanza kutafutwa kutoka kwa chanzo cha ugonjwa wenyewe, baada ya miaka mingi ya kupunguza presha na kungoja.

Namba za Marekani si namba za Afrika

Karibu kila namba niliyotaja juu ya figo ilitoka kwa Wamarekani Weusi. Mwaka 2024 zilitoka za Afrika yenyewe, kutoka mtandao wa utafiti wa H3Africa ulioongozwa kwa pamoja na wataalamu wa Nigeria, Ghana na Marekani. Walipima zaidi ya watu 8,000 wa Ghana na Nigeria. Karibu watu 3 kati ya 10 walikuwa na nakala mbili, na 43% walikuwa na nakala moja.

Kilichowashangaza wengi ni ukubwa wa hatari. Nakala mbili ziliongeza uwezekano wa ugonjwa sugu wa figo kwa 25% tu, na FSGS kwa 84%. Mbali sana na mara 10 au 17. Na nakala moja, iliyokuwa ikihesabiwa haina neno, iliongeza uwezekano kwa 18%, na FSGS kwa 61%.

Mtu anaweza kukimbilia kusema tafiti za Marekani zilitia chumvi. Mimi sioni hivyo. Hatari inategemea jeni, kinachoiamsha, na vinasaba vingine vinavyoizunguka. Mwaka 2023 ilionyeshwa kwamba lipo badiliko la tatu ndani ya APOL1 yenyewe, liitwalo N264K, ambalo likikaa kwenye kromosomu moja na G2 linaituliza. Pia kwa mtu wa Accra au Kano figo zina njia nyingine nyingi za kuumia, na sababu nyingine zikiwa nyingi, mchango wa jeni unaonekana mdogo kwa uwiano. Namba ya hatari iliyopimwa Baltimore haihamishiki hadi Ibadan kwa kunakiliwa, na wala ya Ibadan isihamishiwe Mwanza. Huku kwetu, ambako G1 na G2 ni chache kuliko Nigeria, tunahitaji namba zetu, zilizopimwa kwa watu wetu.

Ethiopia inafundisha jambo la pekee. Kabla hata APOL1 haijajulikana, mwaka 2006, madaktari wa Israeli waligundua kwamba wagonjwa wa VVU wenye asili ya Ethiopia hawapati ule ugonjwa wa figo wa VVU ambao ulikuwa ukiwakumba Weusi wa Marekani. Ngozi nyeusi, VVU, na bado figo salama. Aliyekuwa akiamini kwamba "Weusi" ndio sababu ya ugonjwa alipata jibu lake miaka minne kabla ya jeni yenyewe kutajwa. Jina la rangi lilikuwa linaficha makundi ya watu yaliyo mbalimbali kabisa, na ugonjwa ulifuata jeni.

Fomula za kukadiria kazi ya figo zilichelewa kulifuata hilo. Kwa miaka mingi ile iliyotumika sana ilikuwa na kizidisho cha Weusi: damu ileile, kreatinini (taka inayopimwa kwenye damu kujua kazi ya figo) ileile, lakini ukiandikwa Mweusi figo zako zilihesabiwa kuwa nzuri zaidi, na pengine ukachelewa kuingizwa kwenye orodha ya kupandikizwa. Mwaka 2021 kizidisho hicho kiliondolewa Marekani. Maabara yoyote ya kwetu ambayo mashine yake bado inakitumia ingefaa ikague mipangilio hiyo leo.

Ndugu anapotoa figo

Upandikizaji wa figo ulianza Muhimbili mwaka 2017 na Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, mwaka 2018. Watoaji ni ndugu wa mgonjwa. Hapa ndipo kisa hiki kinaingia sebuleni kwa watu.

Chukua familia yenye mgonjwa kijana ambaye figo zake zimekufa bila sababu inayoeleweka, na mdogo wake wa miaka 25 amejitolea kumpa moja. Kama mgonjwa ana nakala mbili, na kila mzazi anabeba moja, basi mdogo huyo ana nafasi 1 kati ya 4 ya kuwa na mbili pia, na 2 kati ya 4 ya kuwa na moja. Vipimo vya kawaida vitamwonyesha mzima, kwa sababu leo ni mzima. Kinachoulizwa ni kama figo moja itakayobaki itamfikisha miaka 70, na kama ile atakayoitoa itadumu kwa kaka yake. Tafiti za Marekani zimeonyesha kwamba figo zilizotoka kwa mtoaji mwenye nakala mbili hufa mapema zaidi kwa aliyepokea, na kwamba watoaji hai wenye nakala mbili figo zao hushuka kwa kasi kubwa zaidi kuliko za watoaji wengine.

Umri unabadilisha ushauri. Dada mkubwa wa miaka 55 mwenye nakala mbili, presha ya kawaida na mkojo usio na protini, ameshavuka sehemu kubwa ya miaka ambayo ugonjwa hujitokeza. Kijana wa miaka 25 mwenye majibu hayohayo bado ana miaka yote hiyo mbele, pamoja na maambukizi yote atakayokutana nayo ndani yake. Karatasi za vinasaba zinafanana, lakini kwa huyu kijana ningemsihi daktari atafute mtoaji mwingine kwanza.

Kipimo chenyewe si kigumu, kinatazama mahali pachache kwenye jeni moja. Kigumu ni mazungumzo, maana kwetu kutoa figo hakuamuliwi na mtu mmoja chumbani na daktari. Baba mkubwa yupo, mama yupo, shangazi wamekaa nje kwenye benchi, na kijana anayesitasita huonekana hampendi ndugu yake. Ndiyo maana majibu ya APOL1 apewe mtoaji mwenyewe kwanza, peke yake, kabla familia haijaambiwa chochote, na akiamua kujitoa, hospitali iseme tu kwamba vipimo havikuruhusu. Kisha apimwe mkojo na presha kila mwaka, atoe au asitoe.